Mwenye Ufunguo: Historia ya Mwalimu wa Maktaba na Nafasi Yake kwa Mtahiniwa wa Fasihi

Utangulizi

Mpenzi msomaji, huenda nawe ulikabidhiwa maktaba jinsi nilivyokabidhiwa mimi. Nilikuwa nimeripoti katika shule ya upili ya kutwa huku Mwiki, upande wa Ruiru, na sikuwa nimemaliza hata mwezi. Naibu wa mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanipa funguo tatu zilizofungwa kwa uzi wa kiatu pamoja na daftari lililotiwa jalada la gazeti, akasema, "Wewe ni mwalimu wa fasihi, kwa hiyo maktaba ni yako." Hapakuwa na barua ya uteuzi wala kupunguziwa vipindi. Mwalimu aliyenitangulia katika kazi hiyo aliniusia neno moja tu: "Ukifunga, hakipotei kitu."

Niliushika wasia huo kwa miaka miwili. Kisha siku moja, baada ya chakula cha mchana, mwanafunzi wa kidato cha tatu alisimama mlangoni akaomba Siku Njema ya Ken Walibora. Dadake mkubwa alikuwa amemsimulia sehemu ya riwaya hiyo, naye akataka kujua ilivyoendelea. Nakala tulikuwa nazo zaidi ya thelathini, zimetiwa guniani nyuma ya kabati kwa sababu riwaya hiyo haikuwa tena miongoni mwa vitabu teule. Nilimjibu, "Hicho hakitahiniwi siku hizi. Nenda usome cha mtihani." Akasema, "Haya, mwalimu," akaenda zake. Hakurudi tena mlangoni pale.

Makala haya yanajaribu kujibu swali lililonisumbua tangu siku hiyo: ilikuwaje mwalimu wa fasihi, anayelipwa ili vijana wasome, akawa mtu wa kumfukuza msomaji? Jibu la haraka ni kwamba nilikosea, na ni kweli nilikosea. Hata hivyo, kosa hilo si langu peke yangu. Tutakapofuatilia historia ya maktaba nchini Kenya tutaona kwamba mwalimu wa maktaba amekuwa akibadilishiwa kazi mara kwa mara, na kwamba kila mabadiliko yalimwongezea mzigo wa kuhesabu vitabu bila kumpa nafasi ya kuvisomesha. Anayeathirika kwanza ni mtahiniwa wa fasihi.

Jina na kazi

Tuanze na istilahi. Mkutubi ni mtu aliyesomea taaluma ya kupanga, kutunza na kuazimisha vitabu. Mwalimu wa maktaba ni mwalimu wa somo fulani aliyeongezewa jukumu la kusimamia maktaba ya shule. Katika nchi kama vile Kanada na Australia yupo mtu wa tatu, yaani mwalimu-mkutubi, ambaye amefunzwa kazi zote mbili na huajiriwa kwa zote mbili: hufundisha wanafunzi namna ya kutafuta, kuchagua na kupima maarifa, na hushirikiana na walimu wa masomo mengine.

Shule nyingi za upili hapa Kenya zina mtu wa pili, na zile zenye uwezo humwajiri msaidizi wa maktaba kwa fedha za bodi ya shule. Mtu wa tatu ni adimu. Aghalabu anayeteuliwa kusimamia maktaba ni mwalimu wa lugha, kwa dhana kwamba vitabu vya hadithi ni vyake. Kwa hiyo historia hii inatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Kabla ya uhuru: mlango na sanduku

Katika enzi ya ukoloni kulikuwa na aina mbili za maktaba ambazo, kwa maoni yangu, bado zinashindana ndani ya shule zetu.

Aina ya kwanza ni maktaba ya mlango. Mlowezi mmoja mzaliwa wa Marekani, William Northrup McMillan, alikuwa na shamba kubwa pande za Juja, si mbali na hapa Ruiru. Alifariki mwaka wa 1925. Mjane wake, Lucie, alijenga maktaba ya kumkumbuka katikati ya jiji la Nairobi, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1931. Jengo lake lina nguzo kubwa na ngazi pana, na hadi leo ni miongoni mwa majengo yanayojulikana sana jijini. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 25 ya kwanza Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kusoma humo. Ni mwaka wa 1958 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka wa 1962 maktaba hiyo ikawa chini ya Baraza la Jiji. Vitabu vilikuwepo na vilitunzwa vyema, lakini aliyevihitaji alizuiwa nje.

Aina ya pili ni maktaba ya sanduku. Mwaka wa 1948 Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilianza kazi likiongozwa na Charles Richards. Shirika hili lilichapisha vitabu kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Pamoja na hayo, lilikuwa na huduma ya maktaba iliyosafiri. Masanduku ya vitabu yalipelekwa kwenye vituo na shule, yakakaa huko kwa muda, kisha yakabadilishwa kwa mengine. Msomaji aliyeishi mbali aliweza pia kuazima kwa njia ya posta. Sanduku hilo halikuwa na nguzo wala ngazi, lakini lilimfuata msomaji alikokuwa.

Wazo la sanduku halikufa. Mwaka wa 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianza kuwabebesha ngamia vitabu huko Garissa ili kuwafikia wafugaji wanaohamahama. Ngamia yule ni mjukuu wa lile sanduku la miaka ya hamsini.

Naomba msomaji azikumbuke picha hizi mbili, mlango na sanduku, kwa kuwa nitazirejelea.

Baada ya uhuru: mwalimu anapewa ufunguo

Mwaka wa 1960 Sidney Hockey aliandika ripoti kuhusu maendeleo ya maktaba katika Afrika Mashariki, akapendekeza kila nchi iwe na huduma ya kitaifa inayogharimiwa na umma. Tanganyika ilianzisha bodi yake mwaka wa 1963, Uganda mwaka wa 1964, na Kenya ikapitisha sheria yake mwaka wa 1965, huduma yenyewe ikianza mwaka wa 1967. Ili wapatikane wataalamu, chuo cha ukutubi cha Afrika Mashariki kilikuwa tayari kimefunguliwa Makerere mwaka wa 1963.

Wakati huohuo shule zilikuwa zikiongezeka upesi kuliko wataalamu. Wananchi walijenga shule za upili za harambee kwa mawe, mabati na michango yao wenyewe. Walijenga kwanza madarasa, kisha nyumba ya mwalimu mkuu, kisha maabara. Maktaba ilikuwa kabati katika ofisi ya mwalimu mkuu au chumba kilichosalia mwisho wa jengo. Wakutubi wachache waliohitimu walihitajika katika maktaba za umma, za vyuo na za wizara. Shule ya harambee haingeweza kumpata hata mmoja.

Nani basi angeshika ufunguo? Alipatikana mwalimu. Hapa jirani yetu, Kahawa, kambi ya kijeshi ya Waingereza iliyoitwa Templer ilikabidhiwa serikali mwaka wa 1965 ikageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta, ambacho tangu mwaka wa 1985 ni chuo kikuu kamili. Walimu wengi wa nchi hii wamepitia kambi ile ya zamani, mimi nikiwa mmoja wao. Tulifunzwa saikolojia ya elimu, mbinu za kufundisha na somo letu. Katika kozi niliyosoma mimi, kusimamia maktaba halikuwa somo. Tulipofika shuleni tuliukuta ufunguo unatungoja.

Hata hivyo, kutosomea ukutubi si udhuru. Mwaka wa 1924 mwalimu mmoja wa hisabati huko Madras, India, aliteuliwa kuwa mkutubi wa chuo kikuu ingawa hakuwa amesomea kazi hiyo. Jina lake lilikuwa S. R. Ranganathan. Alipofikia mwaka wa 1931 alikuwa ameandika kitabu kilichobadilisha taaluma nzima, kwa sababu alianza na mahitaji ya msomaji badala ya mahitaji ya kabati. Mwalimu anaweza kuwa mkutubi mzuri, mradi aelezwe kwamba kazi yake ni wasomaji.

8-4-4 na kitabu kama mali

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kilipata hadhi ambayo hakikuwa nayo. Kilikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za upili, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka wa 1989. Kwa mara ya kwanza, kila mwanafunzi wa shule ya upili nchini alipaswa kusoma riwaya na tamthilia za Kiswahili. Tungetarajia kwamba hiyo ndiyo ingekuwa enzi ya dhahabu ya maktaba.

Bahati mbaya, wakati huohuo serikali ilikuwa inapunguza matumizi. Waraka wa kikao nambari 6 wa mwaka wa 1988, uliofuata ripoti ya Kamunge, uliweka sera ya kugawana gharama. Serikali ingewalipa walimu na mzazi angenunua vitabu. Tangu hapo kitabu kikawa na bei iliyojulikana na kila mtu nyumbani. Kikipotea, kulikuwa na mzazi wa kulia na mwalimu wa kuulizwa. Mwalimu wa maktaba akawa mwekahazina. Sote tunaujua msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, naye aliufuata kwa makini. Alipiga muhuri, akaandika nambari, akafunga.

Vitabu teule vyenyewe vikaongeza tatizo. Kila baada ya miaka kadhaa vitabu hubadilishwa. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea za Ken Walibora, Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi zote zimewahi kutahiniwa kwa nyakati tofauti. Kitabu kinapoingia kwenye orodha, kila mtu hukitafuta. Kinapotoka, shule hubaki na makumi ya nakala ambazo hakuna anayeziulizia. Riwaya iliyosifiwa darasani mwezi wa Oktoba huwa taka ifikapo Januari. Hivyo ndivyo Siku Njema ilivyoishia guniani.

Tazama kinaya hiki, msomaji. Gunia lile ndilo lililokuwa maktaba yetu halisi ya fasihi. Lilikuwa na riwaya zilizochaguliwa na wataalamu, zenye lugha iliyopimwa, tena kwa nakala za kutosha darasa zima. Tulikuwa nazo na hatukuzitumia.

Kutoka 2003 hadi leo: mpokeaji wa malori

Elimu ya msingi bila malipo iliporejeshwa mwaka wa 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda, na wimbi hilo likafika shule za upili. Mwaka wa 2008 serikali ilianza kugharimia karo ya masomo katika shule za upili kwa kutoa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, nayo sehemu ya fedha hizo ikawa ya vitabu. Kuanzia mwaka wa 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, ikilenga kila mwanafunzi awe na kitabu chake. Mwaka huohuo ulisisitizwa mpango wa kila mwanafunzi aliyemaliza darasa la nane kujiunga na kidato cha kwanza.

Hatua hizi zilikuwa njema na sitaki kuzibeza. Mtoto wa kibarua wa Mwiki ameshika kitabu ambacho mzazi wake hangeweza kukinunua. Lakini angalia zilivyomgeuza mwalimu wa maktaba. Malori yalileta maboksi, naye akahesabu, akatia sahihi, akagawa, akakusanya mwisho wa mwaka, akaandika ripoti ya vilivyopotea. Aidha, wanafunzi walipokuwa wengi kuliko madarasa, shule kadhaa ziligeuza maktaba kuwa darasa. Mwalimu akabaki na ufunguo wa stoo na jina la maktaba.

Kisha ikaja Machi ya mwaka wa 2020. Shule zote zilifungwa ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na madarasa mengi hayakurejea hadi Januari ya mwaka wa 2021. Nilifunga maktaba Ijumaa nikidhani nitaifungua Jumatatu. Vitabu vilikaa gizani kwa miezi tisa, huku wanafunzi wangu wakiwa ndani ya nyumba za chumba kimoja, matembezi mafupi tu kutoka langoni. Hakikupotea hata kimoja. Wasia wa mtangulizi wangu ulikuwa umetimia kikamilifu, nami niliporudi na kukuta vumbi limetanda juu ya vitabu vyote mia nane, niliona aibu.

Hasara ya mtahiniwa

Sasa nizungumze na mtahiniwa. Mahali ambapo kitabu hakipatikani kwa urahisi, mwongozo hupatikana. Huuzwa dukani, hupigwa chapa, husambazwa kwenye simu. Mwongozo mzuri una kazi yake: humsaidia aliyesoma kupanga mawazo. Shida huanza unapochukua nafasi ya kitabu.

Chukua karatasi ya tatu ya Kiswahili, 102/3, yenye alama 80. Katika riwaya au tamthilia huenda ukaulizwa ueleze muktadha wa dondoo kwa alama 4. Unatakiwa kumjua msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo. Aliyesoma kitabu husikia sauti ya mhusika katika dondoo lenyewe, kwa kuwa amekaa naye kurasa mia na zaidi. Aliyesoma mwongozo hulinganisha dondoo na orodha aliyokariri, na likiwa halimo kwenye orodha hubahatisha.

Vivyo hivyo katika mbinu za uandishi. Nimesahihisha karatasi nyingi ambamo mtahiniwa ametaja tashbihi, kinaya, mbinu rejeshi na taharuki, kila moja kwenye mstari wake, bila hata mfano mmoja. Anajua jina la mbinu lakini hajawahi kukutana nayo. Ukimuuliza ni wapi alipojawa na taharuki aliposoma, hana jibu. Taharuki haikaririwi. Sharti usome ukiwa hujui litakalofuata.

Yule mwanafunzi aliyeomba Siku Njema alikuwa na kitu ambacho hakuna mwongozo unaoweza kukitoa: alitaka kujua hadithi ilivyoendelea. Hiyo ndiyo mbegu ya uhakiki. Kutokana nayo huja swali la kwa nini mwandishi aliianza hadithi mahali hapo, kwa nini alimficha mhusika fulani, kwa nini tunamhurumia huyu na kumchukia yule. Nami nilimwambia asome cha mtihani. Muhula wa tatu, nilipokuwa nikisahihisha karatasi yake ya mwisho wa mwaka, nilikuta aya nzima imetoka kwenye mwongozo neno kwa neno, tena kujibu dondoo lisilohusiana nayo. Nilimwondolea alama. Nilipaswa pia kujiondolea zangu.

Tulichojaribu Mwiki

Huenda msomaji asiyeifahamu Mwiki akahitaji maelezo mafupi. Mwiki ziko mbili zinazopakana: moja iko Kasarani, Nairobi, nyingine ni wadi ya Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Pande hizi za Ruiru zilijulikana kwa mashamba ya kahawa, na jina la Kahawa linatukumbusha hilo. Siku hizi zimejaa nyumba za kupangisha. Mwanafunzi wa kutwa hurudi kwenye chumba kimoja chenye wadogo zake, runinga na jiko. Kwake, maktaba huweza kuwa kiti pekee chenye utulivu kwa siku nzima.

Baada ya shule kufunguliwa, sisi wa idara ya Kiswahili tulikubaliana kufanya mambo matano. Hayakuhitaji fedha nyingi.

Kwanza, tulifungua magunia. Vitabu teule vya zamani tulivipanga kwenye rafu iliyo karibu na mlango, mahali panapoonekana. Tulifuata mfumo wa Dewey, uliotungwa mwaka wa 1876, ambapo lugha ya Kiswahili hupewa nambari 496.392 na fasihi yake 896.392. Wanafunzi wenyewe waliandika nambari hizo. Walifurahi kujua kwamba katika maktaba yoyote duniani inayofuata mfumo huo watajua pa kwenda kutafuta fasihi ya Kiswahili.

Pili, tulirudisha sanduku. Kila darasa lina katoni ya vitabu ishirini vya hadithi, inayosimamiwa na wanafunzi wawili na kubadilishwa kila baada ya wiki tatu. Hakuna anayelazimika kuja mlangoni kwangu.

Tatu, tulitenga kipindi kimoja cha Kiswahili kila wiki mbili kiwe cha kusoma. Dakika thelathini ni kimya, mwalimu naye akisoma kitabu chake. Dakika kumi za mwisho mwanafunzi mmoja husimulia alipofika, na ni mwiko kusema hadithi inavyoisha.

Nne, hatukupiga marufuku miongozo. Iko kwenye meza yangu. Anayetaka kuiazima hunieleza kwanza jambo moja kutoka katika kitabu chenyewe lililomshangaza. Akishindwa, humpa kitabu.

Tano, maktaba hubaki wazi hadi saa kumi na moja na robo jioni kwa zamu ya walimu watatu wa idara.

Pingamizi na majibu

Mgala muue na haki yake mpe. Mwalimu aliyenitangulia hakuwa mtu mbaya. Nilikuja kufahamu kwamba miaka ya nyuma aliwahi kutakiwa kulipa vitabu vilivyopotea mikononi mwake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ukimfanya mwalimu awe mdhamini wa kila nakala, usishangae akizifungia zote.

Ni kweli pia kwamba ukifungua, vitabu hupotea. Mwaka wa kwanza vitabu tisa havikurudi. Tuliipelekea bodi ya shule hesabu hiyo pamoja na daftari la kuazima lililokuwa limejaa, tukaomba vitabu vya hadithi vilivyochakaa au kupotea vihesabiwe kama chaki: kitu kinachoisha kwa sababu kimetumika. Bodi ilikubali kwa masharti. Mwanafunzi anayepoteza kitabu huleta kingine chochote kinachosomeka, hata kiwe cha mitumba, au hutusaidia kufunga majalada Jumamosi mbili. Vitabu vya kiada vinavyotoka serikalini bado huhesabiwa kimoja kimoja, na inafaa iwe hivyo. Kosa letu lilikuwa kuhesabu hadithi kwa kanuni hiyohiyo.

Pingamizi la pili ni muda. Mwalimu mwenye vipindi ishirini na saba kwa wiki atapata wapi saa ya maktaba? Hapa sina jibu la kuridhisha. Zamu ya watu watatu hutusaidia, lakini mmoja akihamishwa mpango huyumba. Jukumu hili lisipotambuliwa rasmi na kupunguziwa vipindi, litaendelea kutegemea hiari ya mtu. Walimu wakuu wanaosoma makala haya wanaweza kuanza kwa kuondoa vipindi vitatu tu kwenye ratiba ya mwalimu wa maktaba.

Pingamizi la tatu ni kwamba simu imechukua nafasi ya maktaba. Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ina hazina yake ya vitabu kwenye mtandao, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wanafunzi wetu wengi hutumia simu ya mzazi, usiku, kwa dakika chache, na wanachokutana nacho kwanza ni mwongozo. Simu inamhitaji mwalimu-mkutubi kuliko kabati lilivyomhitaji, kwa sababu kabati halikumpa mwanafunzi cha uongo.

Hitimisho

Kundi la mwisho la 8-4-4 linatazamiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Katika mtaala wa umilisi, shule ya upili ya juu ina Fasihi ya Kiswahili kama somo la kuchagua. Mwanafunzi atakayelichagua hatakuwa na udhuru wa kusoma vitabu vitatu pekee, na shule itakayompokea haitaweza kumtimizia haja yake kwa stoo ya vitabu vya kiada.

Mwalimu wa maktaba amekuwa mshika ufunguo wa chumba cha harambee, mwekahazina wa vitabu vya wazazi na mpokeaji wa malori ya serikali. Kazi hizo zote zilikuwa za lazima kwa wakati wake. Iliyobaki bila mwenyewe ni ile ya kumkutanisha kijana na kitabu anachokitaka siku anayokitaka. Mwalimu wa fasihi anaweza kuianza kesho asubuhi kwa kufungua gunia moja.

Nakala za Siku Njema sasa ziko kwenye rafu karibu na mlango. Aliyeziomba alimaliza shule kabla hatujazitoa guniani.

Maswali ya kujadiliwa na walimu pamoja na watahiniwa

1. Chunguza daftari la kuazima la shule yenu la mwaka mmoja. Ni vitabu vingapi vya Kiswahili vilivyoazimwa ambavyo si vitabu teule?

2. "Maktaba ya mlango na maktaba ya sanduku bado zinashindana ndani ya shule zetu." Jadili kauli hii ukirejelea shule yako.

3. Soma sura moja ya riwaya ambayo haitahiniwi mwaka huu. Taja mbinu mbili ulizokutana nazo, na ueleze ulihisi nini ulipokutana nazo kabla ya kuzipa majina.

4. Mwanafunzi amepoteza kitabu cha hadithi. Shule imfanye nini ili kitabu kirudi naye asiache kusoma?